Meza Namba Arobaini na Moja Imeshikwa

Kwa miaka kumi na mmoja Rokiah alikuwa akifuta meza katika ukumbi ule wa chakula wa mtaa wa Toa Payoh, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuondoa kitu cha mtu mezani. Pakiti ya tishu ikiwekwa juu ya meza, meza imeshikwa. Mwavuli ukilazwa kitini, kiti kina mwenyewe. Huyo mwenyewe anaweza kuwa kwenye foleni ya tambi upande wa pili wa ukumbi, anaweza kuwa msalani, hata anaweza kuwa amerudi ofisini kuchukua miwani. Meza ni yake. Nani aliyeiweka sheria hiyo hakuna ajuaye, lakini ukiivunja utatazamwa mpaka chakula kikukwame kooni.

Basi Jumatatu ile, alipotoka kusuuza vitambaa mnamo saa moja asubuhi na kukuta kitabu juu ya meza namba arobaini na moja, hakuwaza mara mbili. Kilikuwa kitabu chembamba, jaladani kuna paka na birika la chai. Akafuta meza kukizunguka, akaenda zake.

Saa nne kitabu kilikuwepo. Saa sita, ukumbi ulipofurika watu na trei zao mikononi wakizunguka kama waliopotelewa, kitabu kilikuwepo bado, na meza ya watu wanne, iliyo chini ya feni, ilikuwa tupu. Wakaja vijana watatu wa ofisini. Mmoja akanyoosha mkono akisogeze kitabu.

"Kaka, hapo pameshikwa," Rokiah akamwambia.

"Na nani, shangazi? Tumezunguka mara mbili hatujaona mtu."

"Na mwenye kitabu."

Kijana akarudisha mkono. Wakaenda kula wamesimama karibu na sinki. Bwana Kwek, muuza kahawa, ambaye kibanda chake kilitazamana na meza ile, akacheka huku akimimina kahawa kutoka kopo hadi kopo.

"Mama Mastura, huyo mwenye kitabu keshakufa njiani. Tumsomee dua, tukae."

"Wewe mimina kahawa yako."

"Tangu asubuhi ananiharibia biashara. Meza nzuri kuliko zote, anakaa paka wa karatasi."

Rokiah hakuwa na nguvu za kujibizana. Mishipa ya miguu ilikuwa imemtuna kama kamba, na siku zenye joto namna ile hata kuinua kidevu ilikuwa kazi. Akaendelea kufuta. Mara mbili zaidi kabla ya saa nane aliwazuia watu wasikae pale. Saa kumi akavua aproni, akaaga, akaenda nyumbani. Kitabu alikiacha kilipo.

Alikuwa akiishi na binti yake, Mastura, wawili tu, jengo namba 114, ghorofa ya tisa. Mastura alikuwa na miaka kumi na minne. Shule ilimwachia saa saba na nusu, saa nane yuko nyumbani, na mama humkuta kwenye saa kumi na moja, akishuka basi na kupumzika kidogo kwenye benchi la chini kabla ya lifti. Hapo katikati msichana alikuwa peke yake na vitabu vyake. Jioni mama alikula, akaswali magharibi, na isha ikimkuta macho ni bahati. Hivyo ndivyo walivyoishi, na Rokiah hakuona kosa ndani yake. Mtoto alikuwa mkimya, mlango una geti la nondo, na yeye mwenyewe alimkanya kila wiki: usimfungulie mtu, usizungumze na mtu wa kwenye simu, namba yako ya simu usimpe mtu yeyote hata akikuapia.

Jioni ile, Mastura akiwa anamkanda miguu kwa mafuta, akauliza kama mtu asiyejali, "Mama, pale kazini kwako, meza ya arobaini na moja, kulikuwa na kitabu?"

"Kilikuwepo. Mtu kashika meza kutwa nzima hakuja kula. Nimewafukuza watu mpaka nimechoka."

Mastura akaacha kukanda. Akajiziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Mama. Kile ni changu."

"Chako vipi?"

"Nimekiweka mimi, asubuhi, wakati wewe uko nyuma unafua vitambaa. Nilitaka mtu akichukue. Ni mchezo, mama, watu wanaufanya dunia nzima. Unasoma kitabu, unakiacha mahali, mtu usiyemjua anakiokota, anakisoma, naye anakwenda kukiacha pengine. Na wewe umekilinda kama askari wa benki."

Rokiah naye akacheka kidogo. Ilikuwa muda mrefu hajamwona mtoto akicheka hivyo. "Kitabu cha nini?"

"Cha mauaji."

"Mauaji?"

"Mauaji ya kistaarabu, mama, hakuna damu. Hakimu wa mashindano ya jemu anakufa ukurasa wa kumi, halafu bibi mmoja mstaafu mwenye paka anamtafuta aliyemuua. Wanakunywa chai kitabu kizima."

"Na huyo atakayekiokota atajuaje kwamba ni chake? Si atadhani meza imeshikwa?"

"Nimeandika ndani, ukurasa wa kwanza. Nimeandika, kitabu hiki hakijapotea, kinasafiri. Ukimjua muuaji kabla ya ukurasa wa mia na themanini, njoo uniambie."

"Njoo?"

"Namna ya kusema tu."

"Njoo ni njoo. Njoo wapi?"

Mastura akatazama chupa ya mafuta. "Hapa."

Rokiah akavuta miguu yake kutoka mapajani mwa binti, akakaa wima. "Umeandika nini, Mastura? Niambie kila neno."

Akayasema yote, kwa sauti inayozidi kuwa ndogo. Jina lake. Jengo 114. Ghorofa ya tisa, namba ya mlango. Nipo kuanzia saa nane, mama hurudi saa kumi na moja.

Mama mtu akatazama mlango. "Umeandika saa ulizo peke yako. Umemwandikia mtu asiyejulikana saa ulizo peke yako."

"Si ulinikataza kutoa namba ya simu," Mastura akasema. Na hakuwa anafanya ujeuri. Alikuwa amelifikiri jambo lile kwa makini, akalinda alichoambiwa alinde. Namba ya simu hakuitoa.

Mwenye mtoto wa kike na asome hapo mara mbili, kwa sababu Rokiah mwenyewe alilala na maneno hayo siku nne. Alikuwa amekataza kitu kimoja na kudhani amekataza vyote.

Alijitupia mtandio, akashuka, akapanda basi kurudi alikotoka. Saa kumi na mbili na nusu ukumbi ulikuwa umejaa watu wa chakula cha jioni. Meza namba arobaini na moja ilikuwa na familia ya watu watano wakigombania samaki. Kitabu hakikuwepo. Mfuta meza wa zamu ya jioni akasema hajaona kitabu. Bwana Kwek alikuwa amefunga.

Siku iliyofuata Rokiah hakuweza hata kuhesabu trei. Kila mwanaume aliyekaa karibu na ile meza, Rokiah alimtazama mikono kuona kama ana kitabu. Kila aliyemwangalia naye akamwona ana hila. Saa saba akamwendea Letchumi, mwenzake wa upande wa vibanda vya mboga.

"Dada Letchumi, nishikie upande wangu kuanzia saa saba na nusu. Nyumbani kuna jambo."

"Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Bora angeumwa, ningejua dawa."

Letchumi alikuwa mtu mzima kumzidi, na magoti yake yalilia kila akichutama. Lakini akakubali, na Rokiah akakimbia kumfikia Mastura mlangoni. Akamwingiza ndani, akafunga geti la nondo, akafunga mlango wa mbao, akaweka kiti nyuma yake, akakaa. Mkononi alikuwa na mchi wa kinu cha jiwe, ule wa kusagia pilipili.

"Mama, utamponda mtu kama pilipili?" Mastura akauliza.

"Nitamponda."

"Anayesoma hadithi za mabibi wanaokunywa chai?"

"Na anayetaka kumjua mtoto aliye peke yake saa nane. Huyo hana haja ya kusoma hadithi."

Jumatano akamweleza Letchumi kisa chote, akafanya vivyo hivyo. Saa tisa mlango ukagongwa. Rokiah akasimama, mchi ukamponyoka ukagonga sakafu karibu na kidole. "Nani wewe?" akauliza kupitia mbao, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. "Unamtaka nani? Baba yake yupo ndani, analala." Baba yake Mastura alikuwa na mwaka wa sita kaburini.

"Mzigo wa mlango wa pili, mama," sauti ya kijana ikajibu. "Hawapo. Naweza kukuachia?"

"Hatupokei chochote. Nenda."

Kijana akaenda. Usiku jirani akaja kuuliza kisa cha mzigo wake kurudishwa. Mastura alimtazama mama yake akihangaika kutafuta uongo mbele ya jirani, kisha akaingia chumbani. Siku hiyo hakumkanda miguu, wala hakusoma. Vitabu vyake alivipanga kitandani, majalada yakiangalia ukuta.

Alhamisi Letchumi aliteleza penye maji ya samaki, akashikilia nguzo. Hakuanguka, lakini ilipofika saa saba alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa na hakuinuka.

"Dada Rokiah, leo nitakushikia," akasema. "Kesho hapana. Miguu yangu haikumzaa binti yako."

"Najua, dada."

"Hujui. Huna nafasi ya kujua, unamtazama mtoto tu. Mimi upande wako nimeufuta siku mbili nikiona nyota. Kama mtu anakuja, aje tumjue. Utakaa nyuma ya mlango mpaka lini? Mpaka aolewe?"

Rokiah alijua kwamba mwenzake ana haki, na alijua pia kwamba haki ile haimsaidii Mastura kitu. Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa na mchi wake, na usingizi ukamchukua hapohapo kitini, mdomo wazi. Alipoamka saa kumi na moja Mastura alikuwa amemfunika shuka. Mlinzi gani huyo, akawaza. Mtu angeweza kuingia akatoka na mlango wenyewe.

Ijumaa akabaki kazini. Asubuhi alimwambia Mastura baada ya shule aende maktaba akae humo mpaka saa kumi na moja. Mastura akasema ndiyo, mama, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema ndiyo.

Asubuhi nzima alipangiwa kukusanya trei upande wa nyuma. Saa sita na nusu ndipo aliposukuma kigari chake kutokea nyuma ya nguzo, akasimama. Ukumbi wote ulikuwa umejaa, watu wanakula bega kwa bega, wengine wanasubiri wakiwakodolea macho wanaomalizia mchuzi. Katikati ya msongamano wote ule kulikuwa na meza moja tupu, chini ya feni. Juu yake, paka na birika la chai.

Akakiacha kigari, akaiendea meza.

Mkono wake ulikwenda, kisha ukasita. Mtu amekiweka. Mtu ameshika meza kwa kitabu cha mwanawe, na mtu huyo yumo humu, kwenye foleni mojawapo, anasubiri chakula chake. Akikichukua sasa, hatamwona kamwe. Akikiacha, mtu atakuja kukaa, na yeye atamjua sura. Akarudi nyuma ya nguzo na kitambaa mkononi, akangoja.

"Mama Mastura, unafuta nguzo?" Bwana Kwek akamuuliza.

"Nani kaweka kitabu kile?"

"Nimekikuta nilipofungua. Yule wetu karudi kutoka ahera, anashika meza tena."

"Hukumwona?"

"Saa kumi na moja alfajiri? Mimi naona maji yangu yakichemka tu."

Ikafika saa saba. Watu waliikaribia meza, wakaona kitabu, wakapinda. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliitazama kwa uchu, akaenda zake. Rokiah alitamani awaambie wakae, wakae jamani, lakini hakutoka nyuma ya nguzo. Saa saba na nusu. Hakuna aliyekuja na trei yake. Foleni zikaanza kupungua. Mtu gani huyu anayeshika meza tangu alfajiri na haji kula?

Saa nane ilipopita dakika tano, wazo likamjia, na lilipomjia lilimpooza. Kama mtu yule hayupo hapa, yuko wapi? Ni saa nane. Saa nane ndiyo iliyoandikwa. Na Mastura, kweli alikwenda maktaba?

Akampigia Mastura. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Hapo ndipo Rokiah alipovunja sheria ya miaka kumi na mmoja. Alivuka ukumbi, akakinyakua kitabu mezani, mbele za watu, na mzee mmoja aliyekuwa akila wali wa nazi meza ya jirani akamtolea macho. Akakifungua ukurasa wa kwanza kwa vidole vyenye maji.

Mwandiko wa Mastura ulikuwepo, ule wa mviringo. Kitabu hiki hakijapotea, kinasafiri. Chini yake, pale pa jengo, ghorofa, mlango na saa, hapakuwa na kitu. Palikuwa na mstari mweusi wa wino mzito, umepitishwa mara nyingi hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Aligeuza ukurasa akautazama kwa nyuma, akauinua kwenye mwanga. Hakuna namba iliyosomeka. Ni jina tu lililoachwa.

Na chini ya mstari ule mweusi palikuwa na mwandiko mwingine, wa kalamu ileile, herufi zimeinama na kutetemeka kidogo. Rokiah alisoma darasa la sita tu na Kiingereza kilikuwa kinamchelewesha, kwa hiyo alisoma akifuata kwa kidole, neno moja moja, amesimama.

"Mastura. Anwani yako nimeifuta kabla sijasoma hadithi. Usiiandike tena. Mimi ni mtu mwema, lakini wewe hukulijua hilo ulipoandika. Nimekisia ukurasa wa tisini na mbili: ni mwenye posta. Nimecheka sana, nashukuru. Nakirudisha nilipokitoa, japo naona hapo hakuna mtu anayethubutu kukaa."

Hakukuwa na jina.

Akaketi. Hakuwahi kukaa kwenye meza ya wateja akiwa kazini, lakini miguu haikumwomba ruhusa. Bwana Kwek akaja na kikombe cha kahawa ya maziwa, akakiweka mbele yake bila mzaha wowote.

"Mama, umepata habari mbaya?"

"Sijui," Rokiah akasema. "Sijui ni habari gani."

Simu ikalia. "Mama, umepiga mara mbili," Mastura akanong'ona. "Niko maktaba. Hapa simu hairuhusiwi kulia. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Baki hapohapo."

"Unalia?"

"Nimechoka tu. Soma vitabu vyako."

Alikunywa kahawa, akainuka, akamalizia zamu yake. Akamfutia Letchumi meza sita za upande wake, na Letchumi akamwacha afute bila kusema asante, kama inavyostahili kati ya watu wanaodaiana miguu. Mara nyingi alasiri ile aliinua uso akatazama watu: mzee wa wali wa nazi, mwanamke mwenye kifimbo, mwalimu mmoja aliyezoea kula peke yake. Yeyote kati yao angeweza kuwa yeye. Na wakati uleule yeyote kati yao angeweza kuwa yule mwingine, yule ambaye Rokiah alimngojea na mchi, na kwa kuwatazama asingeweza kuwatenganisha. Hilo ndilo lililomchosha kuliko trei.

Nyumbani akamkabidhi Mastura kitabu bila neno. Mtoto akasoma. Alisoma mara ya pili, kidole kikipita juu ya ule wino mweusi. Masikio yakamwiva kwa aibu.

"Hata yeye," akasema polepole. "Hata yeye aliogopa."

"Alikuogopea."

Mastura akakiweka kitabu mapajani. Mama yake alivua soksi za kubana, akapandisha miguu juu ya stuli. Alikuwa amejiandalia maneno mengi kwenye basi, akaona yote yameshaandikwa na mtu mwenye kalamu nzito.

"Lakini amekosea," Mastura akasema hatimaye.

"Nini?"

"Si mwenye posta aliyeua."

"Ni nani basi?"

"Nikikuambia itakuwa na maana gani? Soma."

"Mwanangu, mimi na Kiingereza hicho, na macho haya."

"Nilidhani mgeni atakuja kuniambia," Mastura akasema, akiwa bado anaangalia ukurasa. "Wewe ukirudi unalala."

Rokiah akanyoosha mkono, akachukua kitabu, akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza wa hadithi na nusu ya wa pili, midomo ikicheza. Paka wa yule bibi alikuwa na jina gumu kulitamka.

"Keshokutwa tukirudishe mezani," Mastura akasema. "Kwa jina tu. Niongeze maneno gani?"

"Ongeza kwamba meza haijashikwa. Andika kwa herufi kubwa, nje, juu ya paka. Lakini si keshokutwa."

"Lini?"

Rokiah akatazama unene wa kurasa zilizobaki, akapima kwa dole gumba. "Mpaka nifike mia na themanini? Labda Ramadhani."

"Ramadhani bado miezi minne, mama."

"Basi wageni wangoje," akasema, na kabla Mastura hajaikuta chupa ya mafuta kabatini, alikuwa ameshalala, kitabu kimefunguka kitini kando yake. Mastura alirudi na mafuta, akakitazama kile kiti, akakizunguka, akakaa sakafuni, akaanza kukanda.